Mstari Uliokatwa

Mwaka jana jarida ninalosaidia kulihariri lilibadilishwa sura. Silitaji jina, kwa sababu kosa lilikuwa letu sote tuliokaa mezani siku ile. Tulipunguza ukubwa wa herufi ili picha zipate nafasi. Tukaweka kijivu mahali pa wino mweusi, maana mchoraji wetu alisema nyeusi imepitwa na wakati. Tukaondoa mashairi ya ukurasa wa mwisho. Halafu, bila mjadala mrefu, tukaondoa na ukurasa wa barua za wasomaji. Tulikuwa tumeshakubaliana kwamba barua zile ziliandikwa na wazee watano walewale, na kwamba wote walikuwa wakilalamika.

Toleo jipya lilipotoka, vijana wenzetu walilisifu. Kisha ikaja bahasha. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameandika kwa mkono, kurasa mbili, wino wa bluu. Picha alizipenda. Kijivu alikishutumu kama mtu anayemshutumu mkwe aliyekosa adabu. Mwishoni aliuliza, kwa upole uliotutia haya kuliko matusi, kwamba akiona kosa katika gazeti lisilo na ukurasa wa barua, kosa hilo alipeleke wapi.

Swali lile nilisafiri nalo mpaka Tabora, mwezi wa Desemba.

Bibi yangu anaishi Chemchem. Msimu ule maembe yanaanguka yenyewe, na miembe ya Tabora ina historia yake: simulizi za mji zinasema ilipandwa na misafara iliyokuwa ikienda na kurudi kati ya Bagamoyo na Ujiji. Nilimkuta bibi barazani, akanipokea kama anavyonipokea tangu utotoni.

"Mwangaluka, mke mwenzangu. Umekonda. Huko Dar hawapiki?"

Nilimweleza habari za jarida, nikidhani ananisikiliza kwa kuniridhisha tu. Alipomaliza kunisikiliza aliniambia niingie chumbani, chini ya kitanda kuna sanduku la bati la babu yako, nilitoe nje, nilipanguse vumbi. "Mume wangu naye alikuwa mtu wa kubishana na magazeti," alisema. "Tazama humo."

Babu alikuwa karani wa reli. Alifariki kabla sijajua kusoma, kwa hiyo kwangu mimi alikuwa picha moja ukutani na koti moja jeusi. Ndani ya sanduku mlikuwa na risiti, vyeti, magazeti machache yaliyoliwa na mchwa pembeni, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya barua kwa mhariri, imeandikwa nyuma ya fomu ya reli. Jina la gazeti halikuandikwa, na bibi hakumbuki kama babu aliituma. Anachokumbuka ni usiku ilipoandikwa.

Kabla sijasema barua ile ilisema nini, ningependa kueleza ilitoka wapi. Mtu haamki siku moja akaamua kumwambia mhariri wa mbali namna ya kupanga gazeti lake. Hilo ni jambo la kufundishwa, na huku kwetu lilifundishwa polepole.

Tabora ilikuwa mji wa barua kabla haijawa mji wa magazeti. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 walikuta Waarabu na Waswahili wa pwani wamekwisha jenga hapa, na habari za bei ya pembe na za vita zilikuwa zikienda na kurudi pamoja na wapagazi wa Kinyamwezi. Lakini njia ilikuwa ndefu, na barua zilikuwa zikilala. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha David Livingstone. Fuko la barua zake lililoandikwa tarehe 1 Novemba 1870 lilitoka Zanzibar likiwa linaelekea Ujiji, likachelewa njiani, likakwama hapa Unyanyembe kwa sababu ya vita na Mirambo. Stanley ndiye aliyelichukua na kumfikishia mwenyewe, takriban mwaka mzima baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa Kwihara, maili chache kutoka mahali ninapoandikia haya, miezi kadhaa, akingoja wapagazi na vifaa kutoka pwani.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam hulisahau. Mtu wa bara alizoea kupokea maneno ya watu wengine yakiwa yamechelewa. Kuyajibu lilikuwa jambo jingine kabisa.

Magazeti ya kwanza ya Kiswahili yalifungua mlango huo kidogo. Mwaka 1888 shule ya misheni ya Kiungani, Zanzibar, ilianza kuchapa Msimulizi, na sehemu kubwa ya habari zake zilikuwa barua za wanafunzi wa zamani waliotawanyika katika vituo vya misheni. Mwaka 1904 shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ikaanza kutoa Kiongozi. Lilikuwa gazeti la serikali, nalo lilisema yale ambayo serikali ilitaka yasemwe, lakini lisingeweza kujaa bila walimu na makarani wa mikoani kuleta habari za miji yao. Hapo msomaji alipata nguvu ya kwanza: gazeti lilimhitaji ili lipate cha kuchapa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kuanzia hapo karatasi zilikuja kwa siku chache badala ya wiki. Kisha vita vikaja, Wabelgiji wakaingia Tabora Septemba 1916, na Kiongozi likafa pamoja na serikali iliyolilea.

Januari 1923 utawala mpya wa Waingereza ukatoa gazeti lake la kila mwezi, Mambo Leo, kupitia Idara ya Elimu. Ukiketi na mafungu yake ya zamani maktaba, utaona mara moja kwamba ndani yake mlikuwa na magazeti mawili. La kwanza lilishuka kutoka juu: matangazo ya serikali, mawaidha ya kilimo na afya, habari za Ulaya. La pili lilipanda kutoka chini: habari za miji, mashairi, barua. Mkoloni alilipia lile la kwanza. Ninachoamini, baada ya kumsikiliza bibi, ni kwamba watu walilinunua kwa ajili ya lile la pili.

Bibi anasimulia kwamba miaka ya 1950, babu alipotoka kazini, wanaume watano au sita walikuwa wakija kukaa barazani. Kahawa ilikuwa ya bibi, sauti ilikuwa ya babu. Hakuanza na ukurasa wa kwanza. Alianza na habari za miji, waone kama Tabora imetajwa. Kisha mashairi, ambayo aliyasoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kusema na mara ya pili kwa kuimba. Kisha barua. Mawaidha ya kilimo aliyaacha mwisho, na mara nyingi kahawa ilikuwa imekwisha kabla hajayafikia.

Nakala moja, basi, ilisomwa na watu saba, na wawili tu kati yao walijua kusoma. Wengine walikuwa wasomaji kwa masikio. Maoni yao yalikuwa mengi na makali, lakini mhariri hakuyajua isipokuwa babu ayaandike.

Mashairi yalikuwa na shida yake, na ni shida ninayoipenda. Mambo Leo lilifika Tabora kwa treni, lakini maneno yake yalifika kwa jahazi. Ushairi wa Kiswahili ulikulia pwani, na mtunzi wa pwani akitaka kusema juu ya maisha huanza na chombo: tanga limepasuka, nahodha amelala, kusi imeanza, mawimbi yanapiga. Babu alizaliwa Unyamwezi, akafa bila kuiona bahari. Bibi anakumbuka jioni moja iliyopotea nzima kwa ajili ya methali ya kuenda tezi na omo. Tezi ni nini? Mmoja alisema ni ugonjwa wa shingo. Omo? Hakuna aliyejua. Na ngama, mahali pa kurejea? Ilibidi asubuhi wamuulize mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Bagamoyo, naye akawachorea chombo mchangani kwa fimbo: nyuma hapa, mbele hapa, na hapa chini ndimo maji yanamokusanyika. Bibi bado anaweza kuuchora mchoro ule. Alinichorea mimi, juu ya vumbi la baraza, akiwa na miaka karibu tisini na maili mia tano kutoka bandari.

Hapa nyuma ya mzaha pana historia nzito. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi zote za Afrika Mashariki kusimamia sanifu hiyo. Mtu wa Tabora, ambaye Kiswahili chake kilitembea kwa miguu njia nzima ya msafara na kuchanganyika na Kinyamwezi, Kimanyema na lugha nyingine, aliambiwa kwamba kuanzia sasa lugha iliyo sahihi ni ile ya kisiwani. Alifanya nini? Hakususa. Alijifunza maneno ya bahari, kisha akaanza kutunga mwenyewe. Shaaban Robert, mtu wa Tanga, alikuwa nyota ya kurasa zile za mashairi. Lakini miaka haikupita mingi kabla watu wa bara hawajaketi naye mezani. Mathias Mnyampala alitoka Ugogo. Amri Abedi alizaliwa Ujiji, mwisho kabisa wa njia ya msafara, na mwaka 1954 ndiye aliyetoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Fikiria jambo hilo. Sheria za sanaa ya pwani zikaandikwa na mtu wa ziwani, aliyezijua vizuri kuliko wengi waliozaliwa wakisikia mawimbi ya bahari.

Kwa hiyo tulipoyaondoa mashairi katika jarida letu kwa kuwa hayaendi na wakati, tuliondoa mlango ambao watu wa upande huu wa nchi waliingilia.

Sasa barua. Miaka ya 1940 na 1950 kurasa za barua za Mambo Leo zilikuwa uwanja wa mabishano makubwa juu ya ustaarabu. Dansi lilikuwa limeingia mijini, pamoja na suti, viatu vya kung'aa na kumbi za usiku. Wako walioandika kwamba dansi ni kuiga Wazungu na ni mlango wa uhuni. Wako waliojibu kwamba mtu mwenye adabu hubaki na adabu yake hata akicheza, na kwamba kuukataa wakati mpya ni ujinga. Wakabishana juu ya mavazi, juu ya vijana wasiosalimia, na zaidi ya yote juu ya wanawake: wavae nini, waende wapi, wacheze na nani. Tabora haikuwa mbali na mabishano hayo. Huu ndio mji ambao baadaye ungejulikana kote kwa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz.

Ni kurasa tamu kusoma. Pia ni kurasa zenye ukuta. Siasa haikuruhusiwa kuvuka. Mhariri wa serikali aliweza kukuachia useme upendavyo juu ya gauni la mke wa mtu, lakini si juu ya kodi. Aliyetaka kusema mengine alilazimika kuwa na gazeti lake. Ndivyo alivyofanya Erica Fiah, mwenye duka mjini Dar es Salaam aliyetoka Uganda, alipoanzisha Kwetu mwaka 1937. Ndivyo walivyofanya wa Mwafrika miaka ishirini baadaye, na wahariri wake wawili wakaenda jela. Tabora yenyewe ilipata mashine kubwa ya uchapaji, ya misheni ya Kikatoliki kule Kipalapala, na kuanzia mwaka 1950 gazeti jingine lenye jina la Kiongozi likawa linatoka hapahapa. Kwa mara ya kwanza mtu wa Chemchem angeweza kusoma gazeti la Kiswahili ambalo halikusafiri kuja kwake. Lilianzia nyumbani na kusafiri kwenda kwa wengine.

Katika hali hiyo ndipo babu alipoketi na fomu yake ya reli.

Barua yake ina maombi manne. La kwanza, herufi ziwe kubwa zaidi, kwa sababu wasomaji wengi husoma usiku kwa taa ya chemli, na mtu mwenye macho mabovu hawezi kufaidi alichokilipia. La pili, habari za miji ya bara zisirundikwe mwishoni kama mizigo ya mpagazi aliyechelewa. La tatu, maneno ya baharini katika mashairi yaelezwe chini kwa kifupi. La nne lahusu barua za wanawake na mavazi. Babu anasema mabishano hayo yamechosha, wanaume wanarudia mambo yaleyale.

Baada ya hapo kuna mstari mmoja uliokatwa. Amepitisha kalamu juu yake mara mbili, lakini kwa kalamu ya wino hafifu, na neno kwa neno bado linasomeka. Mstari unasema kwamba mke wangu anauliza mbona wanawake hawaulizwi wenyewe.

Nilipoufikia mstari huo nilinyamaza. Bibi hakupata shule. Alijifunza kuandika jina lake wakati wa kampeni za elimu ya watu wazima, akiwa tayari na wajukuu. Alikuwa ameketi mbele yangu, amefumba macho, ananisikiliza kama alivyomsikiliza babu. Ningeweza kuuruka na asingejua. Nilifikiri hivyo kwa muda wa pumzi mbili hivi, halafu nikaona kwamba ningekuwa mtu wa pili kuukata.

Nikausoma.

"Eeh," alisema bibi, bila kufumbua macho. "Huo aliukata."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nimeshika taa. Kuandika kunakwenda hivi," akaonyesha kidole kikienda kwa hatua ndogondogo hewani, "na kukata kunakwenda hivi." Kidole kikapita moja kwa moja. "Nilimwambia maneno yangu, akayaandika, akayatazama, akakata. Sikumuuliza. Nikamwekea kahawa."

Nilimuuliza kama alikasirika. Alifikiri. Alisema babu yangu alikuwa mtu mzuri, na ofisini alikuwa na wakubwa, na mtu anayesema mbele ya watu kwamba mke wangu anasema hivi na hivi alichekwa siku zile. Kisha akasema, taratibu zaidi, kwamba ndiyo, alikasirika. Kwa sababu wale waume walikuja kunywa kahawa yake mwaka mzima wakibishana juu ya gauni, na yeye ndiye pekee pale barazani aliyekuwa akivaa gauni.

Tangu siku ile kila nikisoma kurasa za barua za zamani nasikia ukimya ambao sikuusikia kabla. Majina ya wanaume, mji baada ya mji. Tunaposema kwamba magazeti yale yalikuwa sauti ya wananchi, tunasema kweli nusu. Kila barua iliyochapwa ilipita kwenye kalamu mbili: ya mhariri aliyechagua, na kabla yake ya karani aliyeandika kwa niaba ya baraza zima. Historia imemlaumu sana mhariri. Karani hajalaumiwa, kwa kuwa alikuwa babu yetu, na kwa kuwa nakala za barua zake ziko chini ya vitanda.

Lakini pia sitaki kuhukumu kwa haraka. Babu aliliandika neno la mkewe kabla ya kulikata. Hakulitupa jaribio lile, alilikunja mara nne akaliweka pamoja na vyeti vyake. Na maombi yake mengine matatu yalikuwa ya haki kabisa. Miaka sabini baadaye sisi, wenye shahada na kompyuta, tulitengeneza jarida lenye herufi ndogo za kijivu, habari za bara nyuma, na hakuna mahali pa kusema hapana.

Niliporudi Dar es Salaam tulikaa tena mezani. Wino mweusi umerudi. Herufi zimekua. Mashairi yamerudi, na tumekubaliana kwamba neno la pwani litaelezwa kwa mtu wa bara na neno la bara kwa mtu wa pwani. Ukurasa wa barua umerudi, na barua ya mwalimu mstaafu ndiyo ilikuwa ya kwanza, bila kupunguzwa, pamoja na sehemu ya kijivu. Tunapokea pia maneno ya watu wasioandika: mjukuu anaweza kuleta kauli ya bibi yake, kwa jina la bibi, ilimradi amsomee kwanza alichoandika.

Nilimpelekea bibi nakala. Jirani alimsomea, kisha akanipigia simu kwa niaba yake. Bibi aliuliza mambo mawili. Kwanza, kama mwalimu yule ameoa. Pili, ni lini barua yake mwenyewe itatoka, maana ana la kusema juu ya magauni.

Nimemwambia aanze kusema. Kalamu ninayo.